Spreyi ya kubandua kwenye rimu: makopo mangapi, joto la Dar, na kwa nini matairi yaachwe

"Habari za kazi mtaalamu. Nina Toyota IST, rimu zake ni za spoti za inchi 15, rangi ya fedha, zimechubuka pembeni kwa kugonga kingo za barabara. Nataka ziwe nyeusi za kung'aa, lakini gari nitaliuza baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo natafuta ile spreyi ya kubandua, inayokauka kuwa ngozi ya mpira, ili nirudishe rimu zilivyokuwa. Fundi mmoja hapa Sinza anasema makopo mawili yanatosha magurudumu yote manne, mikono miwili tu, yaani kupuliza mara mbili, na hakuna haja ya kufungua tairi. Anasema pia atanipigia mstari mwekundu kwenye matairi kwa spreyi hiyo hiyo. Jirani yangu naye anasema kwa joto la Dar huo mpira utayeyuka, na nikiosha gari kwa mashine utaondoka wote siku ya kwanza. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, fundi na jirani wote wamekosea, ila kosa la fundi ndilo litakalokutia hasara. Joto la Dar haliyeyushi mpira huu. Mashine ya kuoshea inaweza kuutoa, lakini pale tu ulipopigwa vibaya. Makopo mawili kwa mikono miwili, hapo ndipo utakapojuta, na utajuta siku ya kubandua, wakati fundi keshalipwa na kusahau.

Hofu yako ni mbili: mpira usitoke kabla ya wakati, na usigome kutoka siku ya kuuza gari. Watu wengi hudhani mambo hayo yanavutana, kwamba mpira mwembamba utabanduka kirahisi na mzito utang'ang'ania. Ni kinyume chake, na ukishaelewa sababu, maswali yako mengine yote yatajijibu.

Rangi ya kawaida ya gari hung'ata. Fundi rangi anapiga msasa uso uwe na mikwaruzo midogo, praima inashika mikwaruzo, rangi inashika praima. Spreyi ya kubandua haing'ati kitu. Ndani ya kopo mna mpira wa sintetiki ulioyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya thina, pamoja na gesi ya kuusukuma nje. Ukipuliza, vimiminika vinaruka hewani na mpira unabaki. Kila mkono mpya unalainisha kidogo uso wa mkono uliotangulia, vinashikana, mwishoni unapata ngozi moja iliyoizunguka rimu. Plasti Dip, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, ilianza Marekani kama mpira wa kuchovyea mishikio ya plaizi na zana nyingine. Kupulizwa kwenye magari kulikuja baadaye sana.

Sasa, ili ngozi hiyo itoke kwa kipande kizima, nguvu yake ya kujishika yenyewe lazima ishinde nguvu inayoishikiza kwenye rimu. Mikono miwili haifiki hapo. Itashika vizuri tu, gari litapendeza, watu watakusifia. Siku ya kubandua itakatika vipande vya ukubwa wa ukucha, na utakaa na rimu moja toka asubuhi hadi jioni ukikwangua kwa dole gumba. Ikipigwa mikono 5 au 6 iliyoshiba, unainua ukingo, unavuta taratibu, inakuja kama glavu ya kuoshea vyombo inavyovuka mkononi. Unene huo huo ndio unaoifanya isichanike kwa kijiwe cha barabarani wala kwa maji ya presha. Kwa hiyo mpira mzito unakaa zaidi na pia unatoka kwa urahisi zaidi.

Hesabu ya makopo inatoka hapo. Kopo la kawaida la Plasti Dip lina gramu 311, na sehemu kubwa ya hizo ni gesi na vimiminika vitakavyopotea. Kwa uso wa rimu ya inchi 15, weka kopo 1 kwa rimu 1, yaani makopo 4 ya nyeusi, na 1 la akiba, kwa sababu rimu yenye spoku nyingi hula spreyi kwenye mbavu za spoku kuliko usoni. Tena mpira huu ukikauka hauna mng'ao. Uso wake unafanana na ubao wa shule. Mng'ao unaoutaka unaletwa na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ya jamii hiyo hiyo ya kubandua, mikono 2 au 3 juu ya nyeusi, na makopo 2 yatakutosha kwa rimu zote. Jumla makopo 7. Fundi asije akakupigia klia ya kawaida ya bodi ili kuokoa pesa: ile hukauka ngumu, mpira chini yake unanyumbuka, na klia itapasuka kama tope lililokauka.

Tuje kwenye joto. Watengenezaji wa Plasti Dip wanasema inavumilia hadi nyuzi 93 za Selsiasi. Rimu iliyoanikwa jua la saa nane mchana inaunguza kiganja, lakini bado iko mbali na hapo. Joto la kuliogopa linatoka ndani, kwenye breki. Diski ikifanya kazi ngumu hupita nyuzi 200 bila shida, ndiyo maana diski, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na drumu havipulizwi spreyi hii hata kidogo. Rimu inapata sehemu ndogo tu ya joto hilo. Ukiona mpira wa gurudumu moja unavimba au kulainika karibu na kitovu huku mengine matatu yako salama, usiulaumu mpira: breki ya gurudumu hilo inabana. Pengine pini za kalipa zimekauka grisi, pengine pistoni imekwama. Nenda kwa fundi breki siku hiyo hiyo, habari ya rangi iache kwanza.

Jua lenyewe linaua polepole. Linaukausha mpira mpaka unapoteza mnyumbuko na kuanza kukatika. Watengenezaji hutaja muda wa hadi miaka 3, lakini kwa gari linalolala nje mji wa pwani kama huu, na kuoshwa kila wiki, ningepanga kulipiga mkono mmoja mpya baada ya mwaka, au kubandua kabla ya miaka miwili kutimia. Mpango wako wa kuuza gari ndani ya muda huo unaendana nao vizuri.

Na mashine ya kuoshea? Maji ya presha hayavunji ngozi nzima, yanatafuta ukingo. Kijana akisogeza mdomo wa bunduki mpaka sentimita 10 kutoka pale rimu inapokutana na tairi, akakuta ukingo mwembamba umeinuka kidogo, maji yataingia chini na kuupeperusha. Mwambie akae nusu mita au zaidi, na apige kwa mbele, asichomeke pembeni. Siku 7 za mwanzo osha kwa ndoo, sabuni na sponji tu. Adui wa kweli ni petroli, ambayo inauyeyusha mpira huu kabisa. Mafundi wetu wakiona grisi kwenye rimu mkono unakwenda wenyewe kwenye chupa ya petroli. Wakataze kabla hawajaanza kazi. Mafuta ya breki nayo yakimwagika, suuza papo hapo kwa maji mengi.

Kuna mtu mwingine ambaye hukumtaja, na huyo ndiye anayeharibu rimu nyingi za kupulizwa kuliko mashine ya kuoshea: fundi pancha. Mtaimbo wake unaegemea ukingo wa rimu, na ukingo ndio mahali ambapo mpira ni dhaifu zaidi. Mwombe aweke kipande cha mpira wa tyubu kuukuu chini ya mtaimbo. Na kama matairi yako yamebakiza miezi michache, badilisha matairi kwanza ndipo upulize.

Kabla ya kununua chochote, chuchumaa mbele ya kila rimu mchana kweupe. Tafuta mahali klia ya kiwandani ilipoanza kuinuka, penye vijistari vyeupe vinavyotambaa chini yake kama mizizi. Hiyo ni kutu ya aluminiamu, na hewa ya chumvi ya pwani huiharakisha. Bandika kipande cha tepu ya nailoni juu ya sehemu unayoitilia shaka, kikandamize, kisha kivute kwa ghafla. Klia ikija na tepu, ujue itakuja na mpira pia siku ya kubandua, na rimu "zilivyokuwa" hutazipata tena. Rimu ya namna hiyo haifai kwa mpango wako. Michubuko ya ukingoni ni jambo dogo, lakini usitegemee mpira uifiche. Ngozi hii inafuata kila shimo na kila mkwaruzo. Penye ncha kali, ziondoe kwa msasa namba 400, ncha tu, maana ncha hutoboa mpira kutokea chini. Usiisage rimu nzima.

Geuza rimu utazame na upande wa ndani. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, au ukingo uliobonyea, au tairi linalopungua upepo kila wiki bila pancha, au usukani unaotetema ukifika kilomita 80 kwa saa: hayo yanataka fundi wa rimu na mashine ya balansi, ana kwa ana. Kupaka mpira mweusi juu ya ufa ni kumfunika mgonjwa shuka. Na rimu iliyopasuka usikubali ichomelewe karibu na spoku au kwenye matundu ya nati, itafutie mwenzake.

Sasa kazi yenyewe. Miezi mizuri Dar ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, jua si kali na hewa imepungua unyevu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, utapata tabu hii: vimiminika vinaporuka haraka vinaupoza uso wa mpira, mvuke wa hewani unageuka maji juu yake kama pumzi kwenye kioo, na nyeusi yako inakauka na ukungu mweupe. Ikikutokea usibandue. Subiri siku kavu, piga mkono mwingine mwembamba, mara nyingi ukungu unapotea. Anza saa 4 asubuhi, umande umekwisha kukauka, ili upepo wa bahari wa alasiri na vumbi lake ukukute umemaliza. Fanyia kivulini, rimu ikiwa ya baridi unapoigusa. Kivuli cha nyumba au cha banda lililo wazi ni bora. Chini ya mwembe usijaribu, utomvu na vijidudu vitakupamba rimu kwa mapambo usiyoyaagiza.

Mvuke wa spreyi hii unawaka moto, tena ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Jiko la mkaa la jirani au anayechomelea geti mita chache kutoka hapo anatosha kuwasha moto. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayohitajika ni ile yenye vichujio vya mkaa, pamoja na miwani na glavu. Watoto na mama mjamzito wakae mbali. Ukianza kuona kizunguzungu, acha na utoke penye hewa. Kifua kikibana, ni hospitali. Makopo usiyaache kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani: yameandikwa yasipite nyuzi 50, na buti la gari kwa mchana wa Januari linaweza kufika huko.

Fundi anayesema usifungue tairi anataka kuokoa nusu saa. Rimu ikiwa kwenye gari, mbavu za spoku hazifikiki vizuri na ukungu wa spreyi unapita katikati kwenda kwenye diski na pedi. Fungua magurudumu, gari likae juu ya stendi imara sehemu tambarare, siyo juu ya jeki. Kama stendi ni mbili tu, fanya magurudumu mawili leo na mawili kesho, na yale yaliyobaki chini uyawekee mawe.

Usafi ndio unachukua muda mrefu kuliko kupuliza, na uache uchukue. Osha kwa maji, sabuni ya vyombo na brashi ya nywele laini, mbele, nyuma na kwenye matundu ya nati. Vumbi jeusi la breki ni chembe za chuma zilizojichomeka zikiwa za moto; sugua mpaka kitambaa cheupe kipite bila kuchafuka. Tairi nalo liosheni vizuri, kwa sababu dawa za kung'arisha matairi zina silikoni, na silikoni ikihamia kwenye rimu, spreyi itajikunja na kuacha vitundu vya mviringo kama macho. Rimu ikikauka, ifute kwa spiriti safi aina ya isopropili. Usimalizie kwa mafuta ya taa wala dizeli, vinaacha utando wa mafuta. Kisha mwagia maji kidogo. Yakikusanyika matone matone kama kwenye jani la magimbi, bado kuna nta au silikoni, rudia. Yakitanda na kuteleza kama shuka moja, umefaulu. Acha ikauke kabisa, hasa matundu ya nati, ambako maji hujificha kisha yakachuruzika katikati ya mkono wa tatu.

Kufunika tairi, chombo bora ni karata. Pakiti moja kuukuu. Chomeka karata moja moja kati ya tairi na ukingo wa rimu, kila moja ikiilalia mwenzake kwa nusu, mpaka umezunguka. Mzingo wa rimu ya inchi 15 ni kama mita 1 na sentimita 20, kwa hiyo utatumia karata zipatazo 40 na watoto watabaki na chache za kuchezea. Pengine tairi limebana sana. Punguza upepo kidogo, karata zitaingia, kisha ukumbuke kujaza. Valvu izungushie tepu ya karatasi. Matundu ya nati yazibe kwa karatasi ya foili iliyofinyangwa, na upande wa nyuma, pale rimu inapokaa kwenye habu (kitovu cha gari kinachobeba gurudumu), usipulize kabisa. Hilo la nati na habu si la urembo. Mpira ukibaki kati ya nati na rimu, utabanwa, utatambaa taratibu, na nati zitalegea gari likiwa barabarani. Vilevile risasi za balansi, vile vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu, zilizobandikwa ndani ziacheni bila mpira.

Tikisa kopo dakika nzima baada ya kusikia kigololi kikigonga, na ulitikise tena kila baada ya sekunde kadhaa. Shika kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye rimu. Mkono wa kwanza ni wa vumbi tu: funika nusu, rangi ya fedha ionekane chini. Mtu asiyejua akiutazama ataona kazi mbovu, mwache aone. Huo ndio unaompa mwenzake pa kushikia, na ukiulowesha utachuruzika. Subiri dakika 10. Kuanzia mkono wa pili, puliza kwa wingi mpaka uso uonekane umelowa na kung'aa sawasawa, bila kukaa sehemu moja. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye rimu na uachie ukishaipita. Kila mkono zungusha rimu robo, ubadilishe na pembe, ili mbavu za spoku zipate kutoka pande zote mbili. Kati ya mkono na mkono weka dakika 15, siku ya unyevu fanya 25. Nyeusi ikifika mkono wa 5, tazama kwa tochi. Ukiona fedha ikichungulia kwenye kona, piga wa 6 hapo hapo. Kisha klia.

Uso ukitoka mkavu wenye chembe kama msasa, ulikuwa mbali mno au upepo ulikausha matone kabla hayajatua. Ukichuruzika, ulikuwa karibu mno au ulisita. Usifute chururu kwa kidole ikiwa mbichi, utaichana ngozi nzima. Gusa ncha yake kwa kona ya karatasi ikunywe kilichozidi, mkono unaofuata utaificha kiasi. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui maana yake kopo linaishia au mdomo umeziba, badilisha.

Karata na tepu vitoke dakika chache baada ya mkono wa mwisho, mpira ukiwa bado mbichi. Ukingoja ukauke, karata na rimu vitakuwa vimeshonwa kwa ngozi moja, na ukivuta karata utavuta na ukingo. Ukungu uliofika kwenye tairi utausugua kwa kidole baadaye, utatoka. Watengenezaji wanasema unachukua muda wa saa 4 kukauka. Kwa unyevu wetu uache ulale usiku mzima.

Kurudisha magurudumu, nati 4 zikazwe kwa mshazari, siyo kwa kuzunguka, na soketi ya inchi 13/16 au milimita 21 iwe na ukuta mwembamba au imefungwa tepu ili isichubue. Nguvu ya kukaza kwa nati za Toyota za namna hii ni Nyutonimita 103. Fundi mwenye spana ya kupima nguvu atakufanyia kwa dakika tano. Endesha kilomita 50 hadi 100, kisha hakikisha tena.

Kuhusu ule mstari mwekundu, kataa. Siyo kwamba hautapendeza. Utapendeza kama wiki mbili. Tairi la IST linazunguka zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita, na kila mzunguko ubavu wake unabonyea na kurudi. Ndani ya mpira wa tairi kuna nta inayotoka yenyewe polepole kuja juu kuulinda na hewa na jua, na nta hiyo inasukuma chochote ulichopaka juu yake. Mstari utapasuka, uinuke, ufanane na ngozi ya mtu aliyeungua. Vimiminika vya spreyi navyo vinauondolea mpira kinga yake. Lakini kinachonisumbua zaidi ni kile utakachokifunika. Ubavuni ndiko ziliko nyufa ndogo za tairi lililozeeka, uvimbe wa nyuzi zilizokatika baada ya kupiga shimo, na tarakimu nne za umri: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika mji ambao matairi ya mitumba yanauzwa kila kona, tarakimu hizo usizipoteze. Ukitamani rangi kwenye tairi, ziko kalamu za rangi ya matairi za kujazia herufi zilizonyanyuka. Safisha herufi kwa spiriti, paka mara mbili, na ukubali kwamba baada ya miezi kadhaa zitageuka kahawia kwa sababu ya dawa za kinga zinazotoka kwenye mpira pamoja na ile nta.

Ungeniuliza kama spreyi ya kubandua ndiyo chaguo sahihi kwako, ningesema ndiyo, kwa sharti kwamba rimu zimefaulu ule mtihani wa tepu. Zikianguka, pesa ya makopo 7 iweke kwenye rangi ya kudumu. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200, ni ngumu kuliko zote, lakini lazima matairi yavuliwe na rimu iparuliwe hadi kwenye chuma. Rangi ya gari ya kuchanganya na hadena (kigumishi) ni ya bei ya katikati na fundi rangi mzuri anaiweza. Mvuke wake ni hatari zaidi kwa mapafu, hiyo usijipulizie nyumbani. Zote mbili hazirudi nyuma: nyeusi ndiyo itakuwa rangi ya rimu zako mbele ya mnunuzi.

Siku ya kubandua, chagua mchana wa joto, mpira ukiwa laini. Anzia ukingoni kwa kucha au kipande cha plastiki, siyo bisibisi, vuta kwa kulala karibu na uso wa rimu na usiharakishe. Mahali utakapokuta pembamba panakatika, papige mikono 3 mipya, ngoja usiku mmoja, vuta tena. Inashangaza lakini dawa ya mpira mwembamba ni mpira zaidi. Mabaki madogo yaondoe kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje penye hewa, kisha osha kwa sabuni. Na bandua kabla mnunuzi hajaja, azione rimu zenyewe.

Ukienda kununua Kariakoo, chukua kwanza kopo moja tu. Kuna rangi za kawaida za makopo zinazouzwa kwa jina la kubandua, na ukishazipuliza kwenye rimu zimekufa nazo. Rudi nyumbani, tafuta kipande cha kioo, kisafishe, piga mikono 5 upande mmoja na mikono 2 upande wa pili, ulaze usiku. Asubuhi vuta pande zote mbili. Upande wa mikono 5 ukitoka mzima, rudi dukani ukachukue 6 yaliyobaki kwenye katoni hiyo hiyo, na kile kioo mpelekee fundi wako Sinza ajaribu kubandua ule upande wa pili.